Upana wa Masinia Ishirini

Katika mchezo ule hapakuwa na nyumba hata moja yenye ua. Tunu aliligundua hilo siku ya kwanza alipoufungua, akalicheka, akalisahau. Kwa kusahau kwake, nusura majiko kumi na moja ya Mizigoni yafukiwe lami.

Wapo watakaosema mchezo wa kompyuta ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Waseme. Tunu Mfaume alikuwa na kazi, alikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya mipango miji, na alipokaa mbele ya mchezo ule hakuwa anapoteza muda. Unapewa bonde tupu, mto, na anga juu yake, unaambiwa jenga mji. Kitu cha kwanza unachojenga si nyumba, si soko wala msikiti. Ni barabara. Pasipo barabara hakioti kitu. Unashika kipanya, unabonyeza hapa, unavuta mpaka pale, na lami inajimwaga nyuma ya mkono wako kama uji unaomiminwa bakulini. Ukipinda mkono nayo inapinda, laini, na mistari myeupe inajichora yenyewe katikati. Unaachia. Mara nyumba zinaanza kuchomoza pembeni, moja moja, zote zimeikodolea macho lami. Kisha gari la kwanza linapita. Tunu hakuijua raha nyingine iliyoshinda kulitazama gari lile la kwanza.

Na alikuwa fundi. Wachezaji wengi huchora miji ya miraba mithili ya ubao wa drafti, halafu wanashangaa magari yanapogandana kwenye kila njia panda. Tunu alijua barabara kuu haikutani na barabara ya mtaani uso kwa uso. Lazima katikati iwepo barabara ya kuzipatanisha, kama posa inavyopitia kwa mshenga. Alijua mahali pa kuweka kipilefti na mahali ambapo kipilefti ni urembo tu. Chuoni walimkaririsha mambo hayo akafaulu mtihani. Mchezo ulimfundisha kwa kumpiga foleni ya malori mpaka akaomba poo.

Ikafika siku akachoka na mabonde ya kubuni. Akaujenga mtaa wake.

Mizigoni upo pembeni mwa Tabora, ukishapita Itetemia. Jina limetokana na misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Ujiji; wapagazi walikuwa wanatua mizigo pale kabla ya kuingia mjini. Njia yao ipo hadi leo, inapita mbele ya nyumba, na inapinda mara tatu mahali ambapo mgeni haoni sababu ya kupinda. Mwenyeji anaiona. Kona ya kwanza inakwepa mbuga ya udongo mweusi inayomeza magurudumu kila masika. Ya pili inakifuata kisima. Ya tatu inauzunguka mti ambao haupo: ulianguka enzi za wapagazi, nao wakiwa na mizigo kichwani hawakuwa na hamu ya kuruka magogo, wakauzunguka. Mti ukaoza. Watu wakaendelea kuuzunguka. Tunu aliitembea njia hiyo yote na simu mkononi akipima kila kona, akaiweka kwenye mchezo kama ilivyo, bila kuinyoosha hata kidogo. Aliipenda kona ya tatu kuliko kitu chochote alichowahi kuchora.

Lakini nyuma ya nyumba kuna njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ni kichochoro kilichonyooka kinachopita kati ya nyua za upande huu na za upande ule. Wanawake wanakiita Njia ya Masinia. Kukiwa na harusi au msiba, wanaume wanakaa mbele kwenye majamvi, na pilau inatoka majiko yote ya mtaa ikipitia nyuma. Upana wake una sheria: wanawake wawili, kila mmoja na sinia kubwa kichwani, lazima wapishane bila kugusana. Mtu akijenga ukuta, kabla saruji haijakauka anatembelewa na wanawake wawili na masinia mawili. Yakigongana, ukuta unarudi nyuma. Hakuna karatasi ya serikali yenye sheria hiyo, na hakuna ukuta uliowahi kuishinda.

Tunu alipotaka kuiweka njia hiyo kwenye mchezo, mchezo ulikataa. Nakala yake ilikuwa ya zamani. Njia ndogo kuliko zote ilikuwa barabara ya magari mawili na vibaraza vya waenda kwa miguu, upana mita kumi na mbili. Akaguna. Akaiweka hiyohiyo. Nyumba zilizokuwa katikati zikapasuka kwa mlio mdogo, *puu*, na kivumbi cha rangi ya maziwa, zikachomoza nyingine mbali kidogo. Zisizo na ua. Zisizo na jiko la nje. Mchezo ulitungwa na watu ambao hawajawahi kupita nyuma ya nyumba ya mtu, na Tunu, aliyezaliwa nyuma ya nyumba, akaona inatosha.

*

Yoramu Ngassa alimkuta mchezoni alasiri moja, steshenari hakuna mteja. Tunu alikuwa ameajiriwa pale, jirani na stendi, kwa sababu ndipo palipokuwa na mashine kubwa ya kuchapa michoro na ni yeye peke yake aliyeijulia. Yeye na Yoramu walisoma darasa moja. Kijana wa Nzega, mcheshi, shati limenyooshwa pasi mpaka mikono inakata. Alikuwa amepata kazi kwenye kampuni ya washauri wa barabara kutoka Dar es Salaam, na tangu aipate alikuwa anatembea kama aliyeivumbua yeye.

"Mwangaluka, fundi!"

"Mwangaluka saa tisa hii? Hiyo salamu ya asubuhi. Kwani Nzega mnaamka saa ngapi?"

"Tunaamka tukipenda." Akainama kwenye kioo. "Hebu subiri. Hii si Mizigoni hii? Kisima kile pale! Tunu, umeijenga Mizigoni nzima?"

"Sasa ulifikiri naangalia tamthilia?"

Yoramu akavuta kiti. Akayatazama magari yakipinda kona ya tatu, akapiga mluzi. Kisha akasema alichojia. Kampuni yao ilikuwa inaleta lami Mizigoni, na kulikuwa na mkutano wa wakazi. "Ukiwaonyesha mchoro wa karatasi wanasinzia. Wakiona magari yanatembea, watakaa mpaka mwisho. Nitengenezee video. Dakika tatu tu."

"Lami yenyewe itapita wapi?"

"Njia ya zamani. Lami, mitaro, taa."

"Na kona zake?"

"Na kona zake, dada yangu. Nani atakupokonya kona zako?"

Tunu aliweka masharti mawili: majina yote ya barabara yaandikwe kwa Kiswahili, na jina lake litokee mwishoni. Alitengeneza video hiyo siku nne, kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomchoma baadaye, kwamba aliitengeneza kwa mapenzi.

Wakazi walioneshwa kwenye ukumbi wa madrasa, madirisha yamezibwa kwa khanga ili giza lipatikane. Watu walishangilia kila gari lililopita. Lilipotokea lori la taka la kijani likipita Njia ya Masinia, wanawake walipiga vigelegele, maana lori la taka Mizigoni lilikuwa halijaonekana tangu dunia iumbwe. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulatifu, ambaye ni baba mdogo wa Tunu, alisimama akasema, "Huyu binti ni wetu!" Watu wakajipanga, wakatia saini zao kwenye karatasi ya kuukubali mradi.

Bibi yake peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Bi Mwanamkuu alikuwa mdarizi wa kofia, macho yake yamezoea kutafuta kijishimo kilichokosewa katikati ya mia nane zilizo sawa.

"Tunu," alisema kwa sauti, "hawa watu wa kwenye picha wanapikia wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Tunu naye akacheka. "Bibi jamani! Hiyo ni picha tu."

*

Mchoro halisi ulikuja Alhamisi, umetumwa steshenari uchapwe kama kazi nyingine yoyote. Tunu akaingiza karatasi, mashine ikaanza kuutema taratibu, kidole kwa kidole. Njia ya msafara ikatokea kwanza, nyembamba, ya kijivu, haijaguswa. Halafu nyuma ya nyumba ukatokea mstari mnene mweusi, umenyooka kama rula. Pembeni mwake misalaba myekundu. Akaihesabu. Kumi na moja.

Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Aliyasoma, kisha akayasoma tena akiyatia kwenye Kiswahili kimoyomoyo, ili aone vizuri kilichofichwa: *Majengo yasiyo rasmi, ya kuondolewa.* Msalaba wa nne ulikuwa jiko la Bibi. Jiko ambalo Bibi alilikandika kwa mikono yake akiwa na mimba ya baba yake Tunu, mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka alikuwa ameliita jengo lisilo rasmi.

Akapiga simu.

"Yoramu. Hiki nilichoshika ni nini?"

"Mchoro. Utoe nakala tatu, Jumamosi Mwenyekiti anaupigia muhuri wa mtaa."

"Uliniambia njia ya zamani!"

"Mhandisi wetu, Samweli, hataki kona, Tunu. Kona tatu ni gharama. Akaiona video, akaiona ile barabara yako ya nyuma, imenyooka, imeshachorwa. Amefurahi huyo! Kwenye ripoti ameandika wakazi wameipendekeza wenyewe."

"Ile si barabara. Ile ni njia ya wanawake wawili na masinia yao. Mchezo hauna njia ndogo kuliko ile, ndiyo maana nikaiweka!"

"Mimi ningejuaje?"

"Ungekuja ukaikanyaga!"

"Tulikuja. Tulipita na gari, mbele. Halafu, Tunu, kwenye video ulipitisha lori la taka pale."

Kweli. Alilipitisha. Alilipitisha kwa sababu rangi ya kijani ilipendeza kwenye ule mwanga wa jioni wa mchezoni. Akaikata simu bila kuaga, na hasira ile haikujua imshike nani: Yoramu, au mhandisi aliyeyatosa macho yake kwenye katuni akaacha kutazama ardhi, au yeye mwenyewe. Ikawashika wote watatu.

Jioni alikwenda kwa Baba mdogo na mchoro chini ya kwapa.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nasikia Jumamosi mnawapikia wageni wa lami kilo hamsini."

"Baba mdogo, huu mchoro umeusoma?"

"Nimeuona."

"Umeusoma?"

Mzee Abdulatifu akaiweka sawa kofia yake, ambayo Bi Mwanamkuu ndiye aliyeidarizi. Hakupenda kuulizwa habari za Kiingereza mbele ya watu wa nyumbani kwake. "Nimesema nimeuona. Barabara inapita nyuma. Nyumba yangu iko mbele. Nyumba ya mama iko mbele. Tatizo liko wapi?"

"Ni mita kumi na mbili. Inaingia mpaka chumbani kwako."

"Mita kumi na mbili ni kitu gani? Si hapo hapo tu." Alicheka, cheko la mkubwa anayemvumilia mdogo. "Tunu, tumeiomba lami hii kabla wewe hujaota meno. Leo imekuja, tena kwa picha zako, na wewe ndiye unataka kutuletea mkosi? Nenda kapumzike. Umekaa sana na hiyo michezo."

Alirudi akapita Njia ya Masinia, mabega yakikaribia kuta za pande zote mbili. Bibi alikuwa uani anamalizia kofia kwa mwanga wa mwisho mwisho.

"Bibi, barabara imepitishwa hapa. Mstari niliuchora mimi."

Sindano haikusimama. "Nilikuuliza wanapikia wapi."

"Uliniuliza."

"Ukanicheka."

"Nilikucheka, Bibi."

Bi Mwanamkuu akaukata uzi kwa meno. Hakutaka machozi na Tunu hakumpa. "Upana wake?"

"Mita kumi na mbili."

"Mita mimi siijui, na hao waliotia saini hawaijui. Niambie ni masinia mangapi."

Tunu akaligeuza sinia lililokuwa limeegemezwa ukutani, lile la harusi, lenye jina la Bibi kwa rangi nyekundu mgongoni. Akalipima kwa shubiri, akahesabu. Sentimita sitini. Akahesabu tena.

"Ishirini," alisema.

Sindano ikasimama.

*

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri wageni walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya Mwenyekiti: Mhandisi Samweli kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mwenye miwani ya jua, Yoramu ubavuni kwake, na wazee wa mtaa kwenye majamvi. Meza imetandikwa kitambaa. Juu yake karatasi ya kukubali, na muhuri ndani ya kikebe chake. Ilikuwa imepangwa watu wale chakula kwanza, halafu muhuri upigwe. Harufu ya pilau ilikuwa imekwishawaamsha hata waliolala.

Chakula hakikuja.

Ikapita nusu saa. Mhandisi akaangalia saa yake. Mzee Abdulatifu akakohoa kuelekea ndani. Ikapita robo nyingine. Kutoka nyuma ya nyumba zikawa zinasikika kelele za bati, *kwaa*, *kwaa*, kama mtu anayepanga sufuria, na sauti za wanawake wakihesabu.

"Mama Shukrani!" Mzee Abdulatifu aliita. "Wageni wana njaa huku!"

"Masinia hayapo!" mkewe Sikuzani alijibu kutoka ndani.

"Hayapo yamekwenda wapi?"

"Njoo uyaone!"

Kumwambia mume hivyo mbele ya wageni halikuwa jambo la Mizigoni. Mzee alinyanyuka amekunja uso, akapita ubavuni mwa nyumba kwenda nyuma, na mhandisi, kwa njaa au kwa udadisi, akamfuata. Yoramu naye. Wazee nao. Walipotokea uani wakasimama.

Njia ya Masinia ilikuwa na masinia mawili chini, yamelala katikati yake, yakiijaza. Kutoka hapo yalikuwa yametandazwa kulia na kushoto, moja likigusa jingine, kwa mstari, na wanawake wa mtaa wamesimama pembeni mikono kiunoni. Upande wa Bi Mwanamkuu yalikuwa tisa. Mlango wa ua umefunguliwa ili watu waone. La kwanza na la pili yalikuwa kwenye karo la kuoshea vyombo. La tatu, la nne na la tano yalikuwa jikoni, yamepangwa kati ya mafiga, sufuria za pilau zimesogezwa pembeni zikitoa moshi. La sita lilikuwa chooni. Yaliyobaki yalikata ukumbi mpaka mahali ambapo Bibi huweka kitanda chake cha kudarizia. Na Bibi alikuwa amekaa juu ya kitanda hicho, kofia mkononi, anadarizi.

"Nani kafanya haya?" Mzee Abdulatifu aliuliza.

"Mimi," Tunu alisema. Alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, mchoro umefunguliwa kifuani mwake. "Uliniuliza mita kumi na mbili ni kitu gani. Ndiyo hizi. Upande wa Bibi umeuona. Sasa ugeuke utazame wa kwako."

Mzee akageuka. Masinia yalivuka ua wake, yakapanda ngazi, yakapotelea ndani kwenye korido.

"La tisa liko wapi?" aliuliza, sauti imepungua.

Sikuzani alijibu kutoka chumbani. "Miguuni mwa kitanda chako, Mwenyekiti. Nilipige teke lisogee kidogo, au na kitanda nacho si rasmi?"

Wanawake wakacheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha ndani yake. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Na mimi nilipiga vigelegele! Nililipigia vigelegele lori lije limwage taka jikoni kwangu!"

Mhandisi Samweli akavua miwani. "Jamani, jamani. Haya ni mambo ya kitaalamu. Wakazi mmeshatia saini. Na mstari huu," alimnyooshea Tunu kidole, "si wa kwetu. Ameuchora binti yenu huyu. Tunao kwenye video, na jina lake liko mwishoni."

Macho yote yakamhamia Tunu. Alikuwa analingojea hilo tangu Alhamisi.

"Ni wangu," alisema. "Niliuchora mimi. Mchezo haukuwa na njia nyembamba kama hii, nikaweka pana, nikanyamaza, nikawaacha mpige makofi. Nilikosea, na sisemi nilidanganywa. Lakini sikilizeni. Mimi nilikosea kwenye mchezo. Kule nyumba ikivunjwa inatoa kivumbi na mlio wa puu, halafu inaota nyingine, na hakuna mtu aliyelia. Huyu ana gari, ana miguu, ana posho ya safari. Angeshuka akapita hapa mara moja tu, angekwaruza mabega. Hakushuka. Aliiona katuni yangu imenyooka, akaipenda, akainakili, akaandika kwamba nyinyi ndio mmeipendekeza. Kisha akaandika hivi." Akauinua mchoro. "Kwa Kiingereza, ili msijue. Mimi nawasomea kwa lugha yenu. *Majengo yasiyo rasmi, ya kuondolewa.* Ndilo jina lenu jipya."

"Tunu, inatosha," Yoramu alisema chini chini.

"Wewe kaa kimya. Uliniambia nani atanipokonya kona zangu. Kona zipo mbele pale! Njia ipo, imetengenezwa na watu waliobeba pembe za ndovu kichwani, na haijawahi kuzama masika hata siku moja. Imewashinda nini? Inapinda. Basi. Mnaona afadhali kuvunja majiko kumi na moja kuliko kuzungusha usukani mara tatu."

Mhandisi alicheka kidogo, akatafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. "Mwenyekiti," alisema, "mradi huu unatakiwa na mitaa mingi. Ukipigwa muhuri leo, tunaanza. Usipopigwa, mimi naondoka na gari langu, na lami inaondoka na mimi. Uamuzi ni wako."

Mzee Abdulatifu alibaki amesimama juu ya sinia la kwanza la upande wake. Alilitazama, kisha la pili, la tatu, akayafuata kwa macho mpaka kwenye giza la korido yake. Alikuwa mtu wa mbele ya nyumba maisha yake yote. Ya nyuma yalimjia yameshapikwa. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kuihesabu njia ambayo chakula chake hupitia.

Akarudi mbele. Watu wakamfuata. Akakichukua kikebe cha muhuri pale mezani, na hakuna aliyejua atakifanyia nini. Kisha akakidumbukiza mfukoni mwa kanzu, mfuko ukaning'inia kwa uzito.

"Mtachora upya," alimwambia mhandisi. "Ile ya mbele. Na kona zake. Na mtauleta kwa Kiswahili, nitausoma mwenyewe."

"Basi mtaisubiri sana lami yenu."

"Tumezoea kusubiri."

Mhandisi aliivaa miwani yake, akakusanya karatasi. Hapo ndipo aibu ya Mzee Abdulatifu ilipofurika. Muhuri alikuwa ameuzuia, sawa, lakini mgeni alikuwa anaondoka nyumbani kwake na njaa, saa nane u nusu mchana, pilau ikinukia, na jambo kama hilo lilikuwa halijatokea Mizigoni tangu mizigo ya kwanza itue. Akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Tunu. Njoo hapa. Mwombe radhi mgeni."

Tunu akaja. Akasimama mbele yake, ushungi umemteleza, vidole vyeusi kwa masizi ya mafiga.

"Kwa lipi, Baba mdogo?"

"Kwa kumshindisha njaa. Kwa kumzomesha kwa wanawake. Kwa kutandaza vyombo vya chakula chooni, Mungu apishe mbali! Muhuri nimeuzuia, umepata ulichotaka. Sasa tengeneza ulichoharibu."

"Mwombe tu yaishe," mzee mmoja akasema kutoka jamvini. "Neno moja. Litakupunguzia nini?"

"Mwombe, Tunu," Yoramu naye akasema, bila kumtazama. "Kwa ajili ya baadaye. Wewe ni mtaalamu. Watu wa barabara wote wanajuana."

Kutoka ndani ilisikika mikwaruzo ya bati. Wanawake walikuwa wanayakusanya masinia, wanayaosha karoni, lile la chooni likioshwa peke yake kwa majivu. Tunu akageuka akamtafuta Bibi mlangoni. Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama na kofia yake, uzi mdomoni. Hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha. Alingoja tu, kama anavyongoja kijishimo kijionyeshe chenyewe.

"Baba mdogo," Tunu alisema, "heshima yako iko pale pale na shikamoo yako utaipata kila siku. Niliyokosea nimeyataja hadharani, hakuna aliyenilazimisha. Mgeni akitaka kula, pilau ipo jikoni, na ipo kwa sababu jiko lipo. Apakuliwe, ale, ashibe, apite njia ya mbele akirudi."

"Nimesema mwombe radhi!"

"Nimesikia. Siombi."